Mwongozo Kamili: Kujifunza Solo ya Gitaa ya Baladi ya Roki Pamoja na Kuyaelewa Maneno Yake

Rekodi ninazoletewa na wapiga gitaa wa Nairobi wanaohangaika na solo za baladi za roki (vifungu ambavyo gitaa huongoza peke yake katika nyimbo za roki za polepole) zina kasoro ile ile. Freti, yaani vigawanyo vya shingo ya gitaa vinavyobonyezwa, ni sahihi na kasi imefikiwa, lakini nyuzi zinazovutwa hazifiki kwenye sauti inayotakiwa, noti ndefu zinakufa kabla ya wakati wake, na solo haionyeshi uhusiano wowote na ubeti uliotangulia.

Chanzo si uvivu. Wengi wetu hapa hujifunzia gitaa kanisani au katika bendi za benga na rhumba, ambako gitaa la solo hupigwa kwa sauti safi, juu shingoni, noti fupi fupi zikifuatana kwa haraka, na uzi hauvutwi sana. Huo ni ufundi mgumu, na wapiga roki wengi hawauwezi. Hata hivyo, baladi ya roki hudai mambo mengine: noti chache, ndefu, zinazobebwa na pumzi ya mwimbaji, na ambazo haziwezi kupigwa vizuri na mtu asiyejua mwimbaji alikuwa anasema nini.

Mfano tutakaoutumia ni "Nothing Else Matters" wa Metallica, uliomo katika albamu ya mwaka 1991 yenye jina la bendi yenyewe. Mpiga solo wa bendi hiyo ni Kirk Hammett, lakini katika rekodi ya wimbo huu solo ilipigwa na James Hetfield, ambaye ndiye mwimbaji na ndiye mwenye maneno. Aliyenyamaza kuimba ndiye huyo huyo anayeendelea na gitaa, na kwa hiyo ni vigumu kupata wimbo unaofaa zaidi kwa kujifunza mambo haya mawili pamoja.

## Vitu vya kuandaa

Gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba. Seti inayoanza na 9 au 10, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.009 au 0.010, inafaa. Gitaa la nyuzi za nailoni halifai kwa kazi hii, kwa sababu uzi wa nailoni hata ukivutwa sana haupandi vya kutosha. Gitaa kavu la nyuzi za chuma litakufaa katika hatua za mwanzo, kisha vidole vitaanza kulalamika.

Amplifaya, au kifaa kidogo cha kuchomeka hedifoni kwenye gitaa. Anayeishi ghorofani Umoja au Pipeline, ambako ukuta mmoja unatumiwa na familia mbili, achukue hedifoni bila kujiuliza. Ukiletewa amplifaya na ndugu aliyetoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, stima yetu ya volti 240 itaiunguza mara moja. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile ambayo wauzaji wa Luthuli Avenue huiita stepdauni.

Piki ngumu kiasi, ya milimita 0.8 hadi 1. Piki laini hujikunja na kuchelewesha noti.

Simu yenye programu ya kutyuni na metronomi (kipiga mdundo wa kuhesabia kasi), pamoja na rekodi ya studio ya wimbo uliyoihifadhi, ili mazoezi yasikatike bando likiisha.

Maneno ya wimbo yaliyochapishwa kwenye karatasi, na kalamu. Usiyasomee kwenye simu. Utayaandikia juu, na utayapigia mistari.

## Hatua ya 1: Tyuni gitaa na uchague rekodi moja tu

Tyuni kwa kawaida: E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene, ambao ni wa 6, hadi mwembamba kabisa, ambao ni wa 1. Rekodi ya studio ndiyo utakayoifuata. Onyo hili nalitilia mkazo kwa sababu wengi hujikwaa hapa: katika maonyesho ya jukwaani ya miaka ya baadaye, bendi hii mara nyingi hushusha nyuzi zote kwa nusu toni, yaani kwa freti moja. Ukijifunza kwa kufuata video ya jukwaani huku gitaa lako liko katika tyuni ya kawaida, kila noti itagongana na unachokisikia, nawe utadhani sikio lako ni bovu.

Dalili ya kufaulu: piga uzi wa 6, wa 3, wa 2 na wa 1 bila kubonyeza freti yoyote, huku mwanzo wa wimbo ukicheza. Sauti zitakubaliana, kwa sababu hizo nyuzi nne zilizo wazi ndizo zinazofungua wimbo. Zikipigwa pamoja hutoa kodi ya E maina, inayoandikwa Em.

## Hatua ya 2: Soma maneno kabla ya kugusa freti

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Anza na unachoweza kukithibitisha. Hetfield ameeleza kwamba wimbo ulianza akiwa anazungumza na mpenzi wake kwa simu, mkono mmoja umeshika simu na mwingine ukigusagusa nyuzi zilizo wazi. Ndiyo maana mwanzo hauhitaji mkono wa kushoto. Alikuwa mwanamuziki wa ziara, aliye mbali na mtu wake, na hapo awali hakukusudia kuupeleka wimbo huo kwa bendi, kwa vile aliuona ni wake wa faragha.

Sasa chukua karatasi na ujibu maswali haya kwa kalamu, ubeti kwa ubeti.

Nani anasema, na anamwambia nani? Ubeti wa kwanza ni wa mtu anayemhakikishia mwenzake kwamba umbali haujapunguza ukaribu wao, na kwamba anayoyasema yametoka moyoni. Mwenzake hatajwi jina, wala haelezwi sura, wala hatujui kama anajibu. Kwa sababu hiyo watu wengine wameuchukua wimbo huu kuwa ni wa mashabiki, wengine wa familia, na si ajabu kuukuta katika sherehe ya harusi. Usomaji huo wote unaruhusiwa na maneno yenyewe. Usioruhusiwa ni ule wa wimbo wa kuachana, ambao nimeusikia mara nyingi kutoka kwa watu waliohukumu kwa huzuni ya gitaa peke yake. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba wawili hao wameachana.

Anakiri nini kinachomgharimu? Katika ubeti wa pili anasema hajawahi kujifungua kwa namna hiyo, kisha anaongeza kwamba maneno hayo hayasemi kwa mazoea tu. Weka mstari hapo. Huyu ni mwimbaji wa bendi iliyojulikana kwa kasi na kelele, na mtu aliyezoea kupaza sauti anapokiri hofu kwa sauti ya chini, msikilizaji husogea karibu. Baadaye utakapopiga solo, kumbuka kwamba nguvu yake imewekewa msingi na unyonge huo.

Ni wapi anapogeuka? Tazama viwakilishi. Katika beti anazungumza na "wewe" na kuhusu "sisi". Katika kiitikio wanaingia "wao": hajali wanayoyafanya, hajali wanayoyajua. Kadiri wimbo unavyosonga, orodha ya asiyoyajali inarefuka, yakiwamo wanayoyasema na michezo wanayoicheza, na sauti inakuwa kali zaidi. Mtu mpole wa ubeti wa kwanza sasa anajitetea mbele ya watu.

Maneno ya mwisho kabla ya solo ni yapi? Anasema kwamba yeye anajua. Hasemi anajua nini, na hapo ndipo gitaa linapoingia, likiwa limeachiwa sentensi ambayo haijakamilika.

Andika sasa, kwa Kiswahili chako na kwa sentensi moja, kile unachoamini kwamba anakijua. Usitafsiri mstari wowote neno kwa neno. Andika jinsi ambavyo ungemwambia dada yako mkiwa jikoni. Mmoja ataandika, "Najua kwamba nikirudi nitamkuta." Mwingine ataandika, "Najua wanavyonisema, na bado siondoki." Sentensi hizi mbili zitazaa solo mbili tofauti hata kama freti ni zile zile: ya kwanza itatulia katika noti ndefu, ya pili itaziuma.

Dalili ya kufaulu: unaweza kumweleza mtu asiyejua Kiingereza kisa cha wimbo kwa dakika moja bila kuangalia karatasi, na unaweza kumwonyesha kwa kidole mahali hasira inapoanza.

## Hatua ya 3: Zoea hesabu ya sita

Wimbo huu hauhesabiwi kwa nne. Kila kipimo kina mipigo sita, na uzito huangukia wa kwanza na wa nne: moja-mbili-tatu-nne-tano-sita. Aliyezoea chakacha ya Pwani anaujua mgawanyo huu tayari, isipokuwa hapa unakwenda polepole sana, kiasi kwamba mipigo mikubwa haifiki 50 kwa dakika.

Upole huo ndio mtego. Kati ya mpigo mkubwa na unaofuata kuna nafasi pana, na mkono uliozoea kujaza kila nafasi utaingiza noti ambazo hazikuombwa. Piga kodi za ubeti kwa hesabu hii hadi uweze kuimba huku unapiga, kisha uendelee.

## Hatua ya 4: Chora ramani ya kodi na noti za nyumbani

Kodi za ubeti ni Em, D na C zinazozunguka, kisha G, B7 na kurudi Em. Skeli ya msingi, yaani mpangilio wa noti za kuchagulia, kwa solo ni pentatoniki ya E maina, yenye noti tano: E, G, A, B, D. Karibu na freti ya 12 noti hizo ziko hapa:

- Uzi wa 1: freti ya 12 (E) na ya 15 (G)
- Uzi wa 2: freti ya 12 (B) na ya 15 (D)
- Uzi wa 3: freti ya 12 (G) na ya 14 (A)

Kuijua skeli hiyo hakutoshi, ingawa walimu wengi huishia hapo. Kila kodi ina noti zake za nyumbani, ambako noti ndefu hutua bila kugombana na wenzake. Kwenye Em tua E, G au B. Kwenye D tua D, A, au F# iliyo uzi wa 1 freti ya 14. Kwenye C tua E, G, au C iliyo uzi wa 2 freti ya 13.

B7 ndiyo kodi ya kuangaliwa kwa jicho kali. Ndani yake mna D#, ilhali pentatoniki ina D. Ukiishikilia D ndefu juu ya B7 utasikia ukwaruzano ambao mpiga bluzi anaweza kuupenda, ila katika baladi hii unasikika kuwa ni makosa. Tua B, A au F#, au shuka hadi D# yenyewe kwenye uzi wa 1 freti ya 11, halafu uipandishe hadi E kodi ya Em inaporudi.

Dalili ya kufaulu: rafiki anapiga kodi, nawe unapiga noti moja tu kwa kila kodi, na hakuna hata moja inayokufanya ukunje uso.

## Hatua ya 5: Imba solo kwa mdomo

Solo inaanza karibu na dakika ya 5. Isikilize kifungu kwa kifungu na uiimbe kwa "la" au "na", kwa sauti yako ya kawaida hata kama ni mbaya. Weka alama kwenye karatasi kila mahali unapolazimika kuvuta pumzi. Hizo ndizo nukta na mikato ya solo, na hazionekani katika tablatura, ambayo hukupa namba za freti na kukunyima pumzi.

Kifungu usichoweza kukiimba usikitafute kwenye gitaa. Rudi kukisikiliza. Kasi ya YouTube inaweza kupunguzwa hadi 0.75 au 0.5 bila sauti kushuka, na hiyo inatosha.

## Hatua ya 6: Tafuta noti mwenyewe, kisha uthibitishe

Tafuta noti ya kwanza na ya mwisho ya kila kifungu, kisha ujaze katikati. Ukimaliza kifungu, fungua tablatura na ulinganishe. Tablatura za mitandaoni hutofautiana, na baadhi zinaonyesha noti sahihi katika uzi usiofaa. Ikiwa unalazimika kuruka freti nyingi ndani ya kifungu kimoja kinachoimbika kwa pumzi moja, huenda noti hiyo hiyo ipo karibu, kwenye uzi wa jirani.

## Hatua ya 7: Kuvuta uzi hadi kwenye sauti yake

Hapa ndipo rekodi nyingi huanguka. Uzi unaovutwa nusu ya safari hausikiki kuwa na hisia, unasikika haujatyuniwa.

Fanya zoezi hili kabla ya solo yenyewe. Piga uzi wa 2 freti ya 12, ambayo ni B, na uiimbe. Sasa weka kidole cha pete kwenye uzi wa 3 freti ya 14, ambayo ni A, na uuvute uzi juu hadi sauti iwe B ile ile. Huo ni mvuto wa toni nzima. Ukifika, piga tena uzi wa 2 ulinganishe. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa 2 freti ya 15 (D), ukiuvuta hadi E inayosikika kwenye uzi wa 1 freti ya 12.

Kidole cha pete hakifanyi kazi peke yake. Kidole cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi ule ule na visukume pamoja, huku gumba likiegemea ukingo wa juu wa shingo. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kinachozunguka, kama unavyozungusha ufunguo katika kufuli gumu. Vidole vyenyewe hubaki vimepinda bila kunyooka.

Tumia programu ya kutyuni kuwa shahidi. Vuta uzi ukiwa umefumba macho, simama pale sikio linaposema umefika, kisha fungua macho utazame sindano. Ikiwa uko chini kila mara, sikio limezoea uongo. Rudi kuimba noti lengwa kwanza. Ikiwa unapitiliza, nyuzi zako huenda ni nyembamba mno kwa mkono wako.

Onyo: maumivu ya ngozi ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo au ya mshipa wa mkono ni amri ya kuacha kwa siku hiyo.

Dalili ya kufaulu: unavuta mara nyingi mfululizo na sindano inatua mahali pamoja, nawe hujaitazama.

## Hatua ya 8: Tetemesha, nyamazisha

Noti ikishafika, iache isikike kidogo ikiwa imetulia, ndipo uitetemeshe. Mtetemo unaoanza papo hapo huficha kama ulifika au hukufika, na msikilizaji hudhani unaficha. Mwendo uwe mpana na wa polepole, ukifuata hesabu ya sita.

Nyuzi zisizotumika zinyamazishwe kwa kiganja cha mkono wa kulia na kwa ncha ya kidole cha shahada cha kushoto. Katika sauti safi ya benga uzi wa jirani ukiguswa hausumbui. Kwenye amplifaya yenye distoshoni, ile sauti iliyokwaruzwa makusudi, unanguruma. Fanya mazoezi ya kunyamazisha ukiwa umewasha distoshoni, kwa kuwa bila hiyo hutajua kama umefaulu.

## Hatua ya 9: Unganisha, kuanzia kwenye kiitikio

Usiifanyie solo mazoezi kuanzia noti yake ya kwanza. Anzia kiitikio cha mwisho, ukiimba au ukiyasema maneno kwa sauti, hadi pale anaposema kwamba anajua, kisha uingie. Rudia kwa kasi ya 0.5, halafu 0.75, halafu kasi kamili, na usipande kabla mivuto yote haijatua.

Jirekodi kwa simu. Siku inayofuata, sikiliza rekodi ukiwa umeshika ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya 2. Uliza swali moja la haki: je, mtu huyu anasikika akisema hivyo? Kama sentensi yako ni ya utulivu na noti zako zote zinaingia kabla ya mpigo, badilisha moja kati ya hivyo viwili. Mara nyingi ni noti zinazopaswa kubadilika, ingawa wapo wanaogundua kwamba gitaa lao lilikuwa limeusoma wimbo vizuri zaidi ya kalamu.

Ukipiga na bendi, mkubaliane na fundi wa sauti kwamba gitaa lipande kidogo wakati wa solo. Kisha kumbuka kwamba baada ya solo wimbo unarudi kwenye maneno ya ubeti wa kwanza, kwa sauti ya chini kabisa. Zima distoshoni, punguza volyumu kwenye gitaa lenyewe, na urudishe mkono kwenye nyuzi zilizo wazi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Ipigie mazoezi sekunde hiyo ya kubadilisha vifaa peke yake, mguu na mkono pamoja, hadi ifanyike bila kelele ya swichi.